Mahali Mbwa Wanapozama

Tarehe 3 Septemba 1955, siku ya Jumamosi, nilikuwa nimeinama juu ya meza katika darasa tupu la shule ya wasichana niliyokuwa nikifundisha mjini Bukoba, nikipitisha wino mweusi juu ya mistari ya penseli. Nilikuwa nachora ramani ya bonde moja karibu na Izimbya, kijiji nilikolelewa. Ofisi iliyoshughulikia wanyama na ardhi ilikuwa imeniomba niichore kwa sababu nilisoma elimu ya viumbe chuoni, na kwa sababu nilizijua njia za huko. Sehemu ya juu ya bonde, kwenye uwanda wa nyasi tunaouita rweya, niliizungushia mstari mzito: hapo pangekuwa hifadhi ya nzohe, yule swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zilizopanuka. Sehemu ya chini, penye mafunjo na maji, nilichora mstari ulionyooka wa mfereji ambao ungelikausha bonde ili watu wapate mashamba. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili nikaitazama. Ilikuwa safi. Nilijivunia hata herufi zake.

Ramani ile ilikuwa na kosa kubwa, na mtu aliyeligundua hakuwahi kujifunza kusoma. Ni habari zake ninazotaka kuzieleza. Jina lake sitaliandika, kwa kuwa hata sisi tuliomfahamu hatukulitumia. Tulimwita Mkata Nyasi. Wanawake wote wa Izimbya walikata nyasi, lakini lilipotajwa jina hilo hakuna aliyeuliza ni nani.

Kwetu sakafu ya nyumba haikuachwa tupu. Mwisho wa juma nyasi kuukuu ziliondolewa, zikapelekwa migombani kufunika udongo, na nyasi mbichi zikatandazwa ndani, ili Jumapili mgeni akiingia miguu yake ipokewe na kitu laini chenye harufu ya mvua. Wengi wetu tulichukua nyasi zilizokuwa karibu. Yeye hakukubali. Kulikuwa na nyasi za sebuleni, za chumba cha mama aliyejifungua na za matanga, na kila aina aliifuata mahali pake. Akiingia nyumbani kwa mtu, kabla ya kusalimia alitazama chini. Shangazi yangu, aliyenilea, alikuwa akisema kwamba ugeni wa Mkata Nyasi ni kama ukaguzi wa shule.

Hakuwa mtu mwema kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Alikuwa mkali, mwepesi wa dharau, na kicheko chake kilikuja baada ya kumwumiza mtu. Nilipokuwa binti mdogo nilimfuata rweya pamoja na wasichana wenzangu, nikabeba mzigo wangu vibaya ukamwagika njiani. Hakunisaidia kuufunga. Aliketi juu ya mzigo wake, akanitazama nikihangaika na kamba mpaka nikaweza, kisha akasema kwamba sasa anaweza kwenda nyumbani, maana alikuwa anasubiri kuona kama nina mikono.

Swali lake kubwa lilikuwa moja. Ukimwambia kwamba mto umejaa, au kwamba mtoto wa fulani amepona, aliuliza: "Umekwenda ukaona, au umeambiwa?" Ukisema umeambiwa, aligeuza uso akaendelea na kazi, kana kwamba hujafungua kinywa. Ukisema umeona, hapo ndipo mateso yalipoanza: umeona saa ngapi, ulisimama wapi, mara ngapi, na kesho yake ulirudi? Chuoni nilifundishwa na watu waliovaa miwani na kushika chaki, na hakuna hata mmoja aliyenihoji kwa ukali ule.

Kuhusu mila, alikuwa na msimamo ambao sikuwahi kuuelewa wote. Senene waliposhuka mwezi wa Novemba, wanawake waliwakusanya, wakawachambua na kuwakaanga, kisha wanaume wakawala. Mwanamke kula senene lilikuwa jambo la aibu. Mkata Nyasi aliwala hadharani, ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yake, sahani ikiwa magotini, watu wakipita kwenda kanisani. Mzee wa kanisa alipomsemesha, alimjibu kwamba yeye ndiye aliyejua nyasi ambazo senene huzipenda kutua, yeye ndiye aliyewafuata kabla ya jua, na kama kuna mwanamume aliyekuwa naye huko, aje achukue fungu lake. Lakini mwanamke huyohuyo asingekubali hata kidogo nyasi za matanga zitandazwe kwenye nyumba ya arusi, na aliwahi kuziondoa kwa mikono yake huku wageni wamekwisha kukaa. Mila iliyohusu nyasi aliilinda kama askari. Iliyohusu tumbo lake aliitupa.

Mumewe alikuwa mvuvi kisiwani Goziba. Alimpelekea habari aende wakaishi pamoja, maana huko samaki walikuwa wengi na kambi ilikuwa na watu. Alikwenda. Alishuka kwa miguu hadi Muleba, akafika ziwani, akapanda mashua, akakaa siku tisa, akarudi. Wanawake walimwuliza kama wamegombana. Alisema hapana, mumewe ni mtu mzuri, na samaki ni kweli ni wengi, ila kule mtu analala juu ya mawe na hana pa kwenda asubuhi. Tangu hapo mume ndiye aliyekuja Izimbya wakati wa mwezi mkubwa, dagaa walipoadimika. Nilimsikia akimtania mbele ya shangazi: "Mimi na wewe, nani amemwoa nani? Unakuja na mfuko kama bibi harusi." Mumewe alicheka kuliko sote.

Nasimulia hayo kwa sababu aliitumia akili hiyohiyo kwa wanyama. Aliamini kwamba kila kiumbe kimekaa mahali kilipo kwa sababu yake, na kwamba sababu hiyo si lazima impendeze mtu. Siku moja, nikiwa nimerudi likizo kutoka chuoni na kichwa kimejaa, nilimweleza kwamba nzohe hupenda kinamasi kwa sababu ya utulivu na chakula tele. Alikuwa akinoa mundu. Hakuinua macho.

"Nzohe hachagui mahali pazuri," alisema. "Anachagua mahali mbwa wanapozama."

Kisha akanieleza, kwa kifupi na kwa kuchoka, kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. Wanaume walipowinda, mbwa wao walifungwa njuga za mti shingoni, na nzohe akizisikia alikimbilia mafunjo. Kwato zake zilimbeba juu ya matope na mizizi. Mbwa alizama hadi kifuani akaanza kulia. Nzohe hakukimbia mbali. Alijitumbukiza kwenye maji, akaacha pua tu. Penye maji ya kumfika mbwa magotini, nzohe hakai. Penye maji makubwa yasiyo na mafunjo, hakai pia, kwa kuwa hana pa kukanyaga. Kwa hiyo bonde zima lilikuwa na vipande vichache tu alivyoweza kuvitegemea, na vipande hivyo havikuongezeka kwa kuwa bonde ni kubwa.

Alijuaje? Ujanani aliwasaidia wawindaji kwa kuwapigia kelele wanyama upande wa rweya, na nyama ya nzohe aliila kila alipoipata. Sitaki kumpamba. Sikuwahi kumsikia akimwonea mnyama huruma. Nzohe walipoingia kwenye shamba lake la njugumawe aliwatukana majina ambayo sikuyajua kwa Kihaya wala kwa Kiswahili.

Tena alikuwa mchoma moto. Mwishoni mwa kiangazi, wanawake walichoma ukanda wa rweya ulioshuka hadi ukingo wa mafunjo, ili mvua za kwanza zikinyesha nyasi zichipue upya, laini, zenye kufaa nyumbani. Serikali ilikataza. Karani wa kilimo alikuja na daftari, akawakuta wanawake wanapumzika kando ya majivu, akauliza aliyewasha ni nani. Mkata Nyasi alisimama, akajifuta mikono. Akimwita kwa neno letu la heshima, alisema, "Waitu, kampelekee mama yako nyasi kuukuu akazilalie. Akikushukuru, urudi unikamate." Karani alikuwa kijana wa Buhembe na mama yake alifahamika. Aliandika kitu kwenye daftari, lakini hakurudi.

Sasa niseme jinsi kosa lilivyotokea. Mwishoni mwa Agosti, mwaka ule wa ramani, afisa wa ile ofisi alifika Izimbya kwa gari. Alikuwa Mwingereza mwenye adabu, na aliwapenda wanyama kwa dhati; hilo lazima nilikiri. Mvua ndogo ilikuwa imetangulia. Mimi ndiye niliyemwongoza. Nilimpeleka alfajiri kwenye ukingo wa juu wa rweya, mahali ambapo tungeweza kuona bonde lote, na pale, kwenye nyasi changa za kijani, tuliwaona nzohe kumi na mmoja wakila. Afisa alinishika mkono kwa furaha. Alisema watu wamekaa nchini miaka mingi bila kuona hata mmoja. Tulirudi alfajiri mbili zilizofuata, tukawaona tena. Kinamasini hatukuingia. Palikuwa na matope, palikuwa na ruba, nami nilikuwa nimevaa viatu vya mjini. Kutoka juu palionekana ni mafunjo matupu.

Hivyo uamuzi ulikuwa rahisi: nzohe wapewe rweya, ambako wameonekana, na watu wapewe kinamasi, ambako hakuna kitu. Wote wangepata. Hata mimi niliona ni haki.

Juma moja baada ya kumaliza ramani nilikwenda Izimbya kumtembelea shangazi. Habari zilikuwa zimenitangulia. Mkata Nyasi alikuwa amekaa kwenye baraza yetu, mundu begani, na hakusubiri nimalize salamu.

"Mwalimu," alisema, na neno hilo hakuwahi kunipa kabla ya siku ile. "Vua viatu."

Shangazi alinitazama kwa macho ya kuniambia nitii. Tulishuka kwenye rweya, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka mafunjo yakatufunika. Maji yalikuwa baridi na meusi. Alinifundisha kukanyaga kwenye mashina, sio katikati yake, na nilipokosea aliniacha nizame hadi kiunoni nijitoe mwenyewe. Tulikwenda polepole, pengine saa nzima. Kisha alisimama akasogeza mafunjo kwa mgongo wa mundu. Kulikuwa na kitanda cha mafunjo yaliyokanyagwa na kulazwa, kikavu, kimeinuka juu ya maji. Palikuwa na kingine mbele yake, na kingine. Samadi ilikuwa mbichi. Kwenye kitanda cha nne mtoto wa nzohe alikuwa amelala, amekunja miguu, mwenye alama nyeupe mgongoni kama mtu aliyenyunyiziwa unga. Hakutikisika. Alitutazama tu. Mkata Nyasi aliyarudisha mafunjo kwa uangalifu ambao sikuwahi kumwona akimfanyia binadamu.

Tulipotoka, tuliketi kwenye ukingo. Nilijaribu kujitetea. Nilimwambia kwamba nilifanya kama anavyotaka yeye: nilikwenda, nikaona, nikarudi mara tatu. Afisa aliona kwa macho yake. Wanyama kumi na mmoja si maneno ya kuambiwa.

"Mmeona moto wangu," alisema. "Nilichoma mimi. Nyasi zimechipua, wamepanda kula, jua likitoka wanashuka. Nisipochoma mwaka ujao hutamwona hata mmoja pale juu. Utasema wamekufa?"

Nilibandua ruba kwenye mguu wangu.

"Mimi naonekana kanisani kila Jumapili. Mwambie Bwana Afisa wako anijengee uzio kule, halafu abomoe nyumba yangu, maana kanisani ndiko wanakoniona wengi."

Nilicheka, kwa kuwa sikuweza kujizuia, na yeye hakucheka. Nilihisi aibu ya namna mpya. Nilikuwa nimejifunza chuoni majina ya Kilatini ya mimea na sehemu za moyo wa chura, lakini nilikuwa nimekosea kama mgeni anayehukumu familia kwa kuitazama siku ya sikukuu. Tulichagua kuhifadhi mahali palipotupendeza kutazama. Mahali walipozalia, walipojificha, walipokimbilia walipofukuzwa, tulipachorea mfereji. Maji yangeshuka hadi magoti ya mbwa, na ule mstari wangu mzito ungebaki umezunguka nyasi.

Nilimwuliza anataka nifanye nini. Alisema niandike kwamba nilikosea, na kwamba nilikosea mimi, si mtu mwingine. Nilimwambia hajui anachoniomba. Hapakuwa na mwanamke mwingine kutoka kwetu aliyewahi kupewa kazi kama ile. Walimu wanaume walikuwa wamesema waziwazi kwamba ofisi ingejuta. Nikisema nimekosea, ningewapa ushindi, na wasichana wangu darasani wangefungiwa mlango ambao ndio kwanza umefunguka.

Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Kisha akasema kwamba wasichana wale watajifunza kwangu kitu kimoja kati ya viwili, na ni juu yangu kuchagua ni kipi. Akaongeza kwamba nisiandike kana kwamba yeye ni mtu wa kulia juu ya wanyama. Anataka kinamasi kwa sababu ya nyasi zinazoota ukingoni mwake mwaka mzima, na kwa sababu ya nyama. "Andika kwamba nawala," alisema. "Usinifanye malaika. Wakishagundua kwamba nawala, watasema na mengine yote ni uongo."

Nilirudi mjini na miguu iliyovimba kwa kuumwa na ruba. Mkuu wa shule, mwanamke mwenye busara aliyenitakia mema, alinishauri ninyamaze, kwa kuwa ramani imekwisha kupelekwa na ofisi haipendi kusumbuliwa. Nilinyamaza wiki moja, kisha ya pili. Kila asubuhi nilifundisha, na kila nilipomwuliza mwanafunzi amejuaje jibu lake, nilisikia sauti isiyo yangu kinywani mwangu.

Leo nina umri aliokuwa nao yeye siku ile mafunjoni. Nimesoma mengi tangu wakati huo kuhusu jinsi wanyama wanavyochagua makazi, yaliyoandikwa na watu wenye vifaa vya kuwafuatia mchana na usiku, na sijapata popote hoja iliyo thabiti kuliko ile ya kanisa na nyumba. Niliporudi Izimbya mwezi wa Oktoba mwaka uleule nilikuwa nimeiandika barua. Niliiandika kwa Kiswahili, ingawa ofisi ile ilizoea Kiingereza, ili nimsomee yeye kwanza. Alikuwa kwenye kizingiti chake akisuka kamba ya mizigo. Alisikiliza, akanisimamisha mara mbili, akanifanya nifute neno "tafadhali" mahali pamoja, na nilipofika mwisho alisema tu niende nikaipeleke. Niliikabidhi kwa mkono wangu Jumatatu ya tarehe 24. Nakala yake ninayo. Inasema hivi:

"Bwana Afisa,

Mimi ndiye niliyechora ramani ya bonde la Izimbya mliyoipokea mwezi uliopita. Ramani hiyo si sahihi, na kosa ni langu. Nilichora mahali tulipowaona nzohe. Sikuchora mahali wanapoishi, kwa sababu sikuingia humo.

Nimeingia sasa. Nzohe wanalala, wanajificha na wanazaa ndani ya mafunjo, kwenye kina ambacho mbwa hawezi kupita. Kwenye rweya hupanda kwa muda mfupi tu, baada ya wanawake kuchoma nyasi, nanyi mmepiga marufuku moto huo. Mkitekeleza marufuku yenu, hawatapanda. Mkichimba mfereji wenu, hawatakuwa na pa kushukia. Mtabaki na hifadhi isiyo na mnyama, na ramani nzuri.

Aliyenionyesha haya ni mwanamke wa Izimbya, mkata nyasi. Ameniagiza niwaambie kwamba yeye huchoma moto na hula nyama ya nzohe, na kwamba anataka kinamasi kibaki kwa faida yake mwenyewe. Naandika hivyo kama alivyosema. Yeye amekaa karibu nao miaka yote hiyo, na wapo. Mkitaka kumkamata, yuko nyumbani kila siku isipokuwa asubuhi, anapokuwa kazini. Mkitaka kujifunza, njooni asubuhi, bila viatu.

Nimesikia kwamba kosa hili litachukuliwa kuwa ushahidi kwamba kazi ya namna hii haiwafai wanawake. Kosa lilifanywa na mimi pamoja nanyi, Bwana, tukiwa tumesimama mahali pamoja. Limesahihishwa na mwanamke.

Siombi radhi kwa kuchelewesha mfereji. Jina langu nimeliweka hapa chini kwa herufi zilezile nilizoziweka kwenye ramani, msije mkadhani ni mtu mwingine. Kama mtachimba, mtachimba mkiwa mmekwisha kuambiwa."